Usinawe Kabla ya Kudai

Hadi leo nikisikia harufu ya dawa ya kupe, ile kali inayokaa kooni kama kikohozi kisichotoka, nachoka kabla sijafanya lolote. Ndiyo harufu aliyorudi nayo baba kila jioni, kwenye shati, kwenye mkate aliotuletea, hata kwenye nywele zangu akishanipapasa.

Baba alikuwa daktari wa mifugo, na mama aliuza dawa katika kiduka chetu cha Bunda. Kutibu baba alijua, kudai kulimshinda. Kwao Butiama mgeni haondoki na njaa, na ukishakula ugali wa mtu, utamtajiaje deni na unga bado uko kwenye kucha? Basi kila nyumba aliyokwenda kudai alikaribishwa vizuri mno. Alirudi ameshiba, mfuko mtupu.

Mwaka ule muuzaji wa jumla wa Musoma alikataa kutukopesha dawa tena mpaka tulipe za zamani. Rafu zikaanza kuonyesha mbao. Mama akanivalisha viatu vya kanisani, akanipandisha nyuma ya pikipiki ya baba twende kwa Mzee Wambura, ambaye ng'ombe wake alikuwa ametibiwa ndigana, ile homa ya kupe, kwa dawa ghali kuliko zote dukani.

"Usikubali baba yako anawe kabla hajataja hela," aliniambia. "Akinawaga tu, tumeliwa."

Mzee Wambura alitupokea kwa vicheko, akamtania baba kwamba siku hizi anatembea na mhasibu. Wakazungumza mvua, wakazungumza pamba, wakarudi kwenye mvua. Kando ya jiko ngozi mbichi ilikuwa imewambwa juani, nyeusi, yenye doa jeupe begani, nzi wameijaa. Baba aliitazama kwa muda. Kisha mke wa mzee akaja na jagi na beseni, akapiga goti.

"Baba, mama alisema usinawe," nikasema.

Mzee Wambura akainamisha macho. Jagi likabaki hewani. Baba akakunja mikono ya shati taratibu, kama anayejiandaa kuzalisha ng'ombe, akainyoosha juu ya beseni.

"Mimina, shemeji. Huyu mtoto njaa inamsumbua."

Tulikula, tukarudi mfuko mtupu. Nyumbani mama alimtazama baba usoni mara moja tu, akaanza kupanga chupa zilizobaki kwenye boksi. Duka tukalifunga.

Kwa miaka mingi nilimhesabu baba kuwa mtu dhaifu, aliyeshindwa na harufu ya ugali. Nilikuwa mtu mzima nilipoielewa ile ngozi: ilikuwa ya yule ng'ombe tuliyekwenda kudai hela ya dawa yake; hakupona. Mzee hakuwa na cha kulipa, na kwa maneno yangu yale machache angelazimika kulitamka hilo mbele ya mkewe. Baba alimwahi kwa kunawa. Nakumbuka sasa alivyokula siku ile: polepole, bila hamu, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikaisha.