Kambale Tuliowatoa

"Kambale akimla perege, wewe utakula nani?"

Baba mdogo aliuliza hivyo uani kwetu, Kaengesa, mbele ya shangazi na ndugu wengine wa upande wa baba. Alipouliza aliniangalia mimi, si mama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimerudi na shahada. Nilisema kwamba kila samaki hutumia sehemu yake ya maji, sentensi niliyoisoma jana yake. Ilipokuwa inatoka kinywani nikajua kuwa kama angeisema mtu mwingine, ningemuuliza maswali kumi.

Kilichokuwa kinajadiliwa ni kipande cha bonde. Baba alipofariki, ukoo ulimwachia mama alime pale, kwenye udongo mweusi usiokauka hata kiangazi kikizidi. Alikuwa akipiga matuta ya duara, yale ya kwetu ya kufukia nyasi zioze ndani, na maharage yake yalikuwa yanatangulia ya wote. Sasa alitaka kuchimba bwawa la samaki. Baba mdogo alikuwa na watoto wengi na shamba la mlimani lililochoka. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi kwangu kusimulia.

"Shemeji," alimwambia mama, "nakupa mpaka ulezi wa mwakani uingie ghalani. Tukija tukikuta samaki wa kuuzika, bonde ni lako, sitalitaja tena mpaka nife. Tusipokuta, nafukia, nalima maharage."

Mama alisema amekubali. Shangazi alisikia, wote walisikia. Kwetu neno la namna hiyo halihitaji karatasi.

Mambo haya yaliletwa na afisa uvuvi kutoka Sumbawanga mjini. Alikuja na pikipiki na kitabu cha mwongozo, akasema wakulima wachache watachaguliwa kufuga viumbe wa majini kwa mchanganyiko, na mama akachaguliwa kwa sababu bonde lake lina chemchemi. Usiku wa kwanza nilikisoma kitabu chote. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wa pwani. Juu kamba za mwani, kando yake chaza, katikati samaki kwenye uzio wa nyavu, na chini kabisa majongoo bahari wakila kila kinachoanguka. Uchafu wa huyu ni chakula cha yule. Nakiri wazo lilinivutia. Ila kati yetu na bahari kuna nchi nzima, na huku juu Ufipa watu wanalala na mablanketi mawili.

Afisa alikuwa amekwisha kulishughulikia hilo. Kwa kalamu nyekundu alikuwa amekata neno "mwani" akaandika "majani ya majini". Chaza walikuwa wamegeuka bata. Majongoo bahari walikuwa kambale.

"Kanuni ni ile ile," alisema.

"Chaza na bata wana kanuni gani moja?"

"Dada, wewe ulisomea nini?"

"Sosholojia."

"Basi," alisema, akafunga kitabu.

Tulichimba kwa majembe, mimi, mama na vibarua wawili, kiangazi chote. Watu wa misa ya kwanza walikuwa wakipita juu ya bonde na kutusalimu kwa namna yao. "Mama Bahari, shikamoo. Meli inaingia lini?" Mama alikuwa akijibu kuwa meli ipo, nahodha tu ndiye amelewa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimetuma maombi ya kazi mpaka nimechoka kuyahesabu, na sasa nilikuwa nimesimama kwenye tope mpaka magotini nikitaniwa na watu wanaotoka kusali.

Mvua zilipoanza tuliweka vifaranga vya perege, na baada ya Krismasi vifaranga vya kambale. Bata walikuwa kwenye kibanda cha fito juu ya maji, vinyesi vyao vikidondoka bwawani. Maji yakageuka kijani. Nilimuuliza afisa kwa nini kijani ni kizuri. Akasema mwongozo unasema kijani ni kizuri. Nilimuuliza kwa nini kambale wanaletwa baada ya perege. Akasema ndiyo ratiba. Kila nilichouliza kilirudi kwangu kama nilivyokituma, na kila mara nilirudi nyumbani na hasira. Nilizimaliza kwa mama, ambaye hakuwa na kosa.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja wakati wa kulisha, nilimwona kambale akija juu na mkia wa perege umetokeza mdomoni mwake. Hakuwa perege mkubwa. Alikuwa kama kidole. Lakini nilisimama pale na bakuli la pumba nikaacha kulisha. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa sahihi, nikawaza. Tunafuga mwizi, tunamlisha, na bonde linakwenda.

Nilimpigia afisa simu.

"Kambale wanakula perege."

"Wanakula, ndiyo."

"Sasa kwa nini tunawafuga pamoja?"

"Mwongozo unasema waachwe humo."

"Kwa sababu gani?"

"Dada, nipo kwenye kikao," alisema.

Nilimwendea mama jikoni. Nilizungumza kwa muda mrefu, nadhani kwa ufasaha kuliko nilivyowahi kuzungumza chuoni. Nilimwambia kwamba watu kama yule afisa wanabeba mambo ya bahari na kuyapachika mlimani bila kufikiri, na kazi yetu ni kufikiri kwa niaba yao. Nilimwambia kuwa mtu asiyeweza kutoa sababu ya jambo hana haki ya kukuamuru ulifanye. Mama alikuwa anapepeta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Una hakika?" aliuliza.

"Mama, nimemwona kwa macho yangu."

Hakujibu siku ile. Mwisho wa juma alisema sawa, tuwatoe.

Tulifungulia maji kwenye mfereji mpaka yakabaki ya magotini, tukapita na chandarua chakavu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kambale ni wabishi. Wanajichimbia kwenye tope, ukimshika anakuponyoka kama sabuni, na wanawake wawili majirani waliokuja kusaidia walianguka mara nyingi kuliko samaki tuliowapata. "Huyu kaniangalia kama mume wangu," mmoja alisema, akamtupa kwenye beseni. Tulirudi mara tatu mpaka tukaridhika kuwa hakuna aliyebaki. Wengine tuliwala kwa ugali wa ulezi, wengine nikawapeleka Kizwite, mjini Sumbawanga, kwa mama mmoja anayekaanga samaki kando ya barabara. Niliporudi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nimalize chuo. Nilikuwa nimeona kosa, nikalitaja, nikaliondoa.

Na kwa wiki kadhaa nilionekana nina akili. Bwawa lilijaa. Ukitupa pumba maji yalikuwa yanatokota kwa samaki, wadogo kwa wadogo, hujui wanatoka wapi. "Wamezaana," mama alisema, akiwa amechuchumaa ukingoni. Hata baba mdogo alipita, akatazama, akaenda zake bila neno, na mimi nikauhesabu ukimya ule kuwa ushindi.

Halafu kipupwe kikaingia. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, na pumba nilizomwaga saa mbili nilizikuta zinaelea mchana. Nilianza kuwapima kwa rula ya shule. Nilipima wiki hii, nikapima iliyofuata, nikapima tena. Hawakuongezeka. Niliongeza pumba, mama akaongeza machicha ya pombe, hawakuongezeka. Walikuwa wengi ajabu na wote walikuwa urefu wa kidole changu cha kati. Nilimlaumu afisa. Nililaumu baridi, vifaranga, kitabu, na serikali. Nilikuwa na orodha ndefu na mimi sikuwemo.

Ulezi ukaingia ghalani. Baba mdogo alikuja na watu wale wale waliokuwepo uani. Tulivuta chandarua tukajaza ndoo. Alichukua perege mmoja akamlaza kwenye kiganja, akamgeuza.

"Huyu ni wa kukaanga au wa kumwonea huruma?"

"Wapo wengi," nilisema.

"Na siafu wapo wengi," alisema shangazi. "Mwanangu, hata dagaa wa ziwani wana miili kuliko hawa."

Baba mdogo hakucheka. Alimrudisha samaki ndani ya maji, taratibu, akajifuta mkono kwenye suruali. "Shemeji, nimesubiri," alisema. Mama akasema ndiyo, umesubiri. Aliomba kitu kimoja tu, abaki na bata, naye akapewa.

Kufukia kulichukua siku chache tu. Kuchimba kulikuwa kumechukua kiangazi kizima.

Afisa alikuja bwawa likiwa limekwisha kuwa matuta. Alisimama na kofia yake ya pikipiki mkononi.

"Mliwatoa kambale?"

"Tuliwatoa."

"Mwongozo ulisema waachwe."

"Mwongozo haukusema kwa nini."

Nilitegemea abishane. Alitazama matuta, kisha akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi sikuambiwa kwa nini."

Sababu niliipata mwaka uliofuata, nikiwa mjini kwenye kazi ya muda ya kuchapa taarifa za ofisi moja, katika kijitabu kilichoachwa juu ya kabati. Perege huanza kuzaa angali mdogo, na bwawani hazuiliki. Watoto wakijaa, chakula hakitoshi, wote wanadumaa, na huku kwetu baridi inamalizia. Kambale huwekwa baadaye, akiwa mdogo asiweze kuwameza wakubwa, awapunguze watoto. Wanaobaki wananenepa. Baba mdogo angejibiwa kwa sentensi moja: utakula wote wawili. Nilikisoma kijitabu nimesimama, nikakirudisha kilipokuwa, nikaketi nikaendelea kuchapa. Kwa miaka mingi niliamini kuwa pale Kaengesa hapakuwa na mtu yeyote aliyelijua jambo hilo, na kwamba kosa letu lilikuwa la watu wasio na wa kumuuliza.

Mwaka jana, tukichambua mchele wa harusi ya binamu, shangazi aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Wiki ile ambayo mama hakunijibu, alitembea mpaka misheni kwa mtawa mmoja aliyekuwa akitunza bustani na kibwawa cha samaki nyuma ya jiko la masista. Mtawa alimwambia asiwatoe kambale, akamweleza na sababu. Mama alimshukuru, akamwambia kwamba mwanawe amesoma chuo kikuu, akarudi nyumbani kutafuta chandarua.