Msalaba kwenye Chupa ya Dawa ya Kupe

Miaka ile ya vita nilikuwa katekista wa parokia mjini Bunia, na siku za juma nilishika kazi ya mashine ya kuchapa. Ilikuwa mashine kuukuu ya kukanyagwa kwa mguu, iliyoachwa na wamisionari pamoja na makabati mawili ya herufi za chuma. Haikuhitaji umeme, ndiyo maana iliendelea kufanya kazi wakati nyingine za mjini zilikuwa zimenyamaza au zimeporwa. Tulichapa vitabu vidogo vya sala, kadi za ubatizo na matangazo ya vifo. Matangazo ya vifo yalizidi. Kwa hayo nilikuwa na ukingo mweusi wa kuzungushia karatasi nzima, na juu katikati nilitia msalaba. Yalibandikwa kwenye mlango wa kanisa na kwenye nguzo za barabara kubwa. Mtu wa mjini akiuona ule ukingo kwa mbali alivua kofia kabla hajasoma jina.

Mji ulibadilisha wakubwa mara nyingi. Kila kundi lililoingia lilitaka vibali vyake vichapwe kwetu, na padri aliwajibu kwamba mashine ni ya sala. Wengine walikubali, wengine hawakukubali. Wako watu waliokwisha kuyaeleza hayo vizuri kuliko mimi.

Asubuhi moja alikuja muganga wa ng'ombe, yaani daktari wa mifugo, mtu niliyemfahamu tangu ujana, Mprotestanti mwenye maneno machache. Alikuwa amepata pipa moja la dawa ya kupe kutoka ng'ambo ya mpaka. Watu waliokimbia vijiji walikuwa wamefika kandokando ya mji na ng'ombe wawili au watatu waliobaki, na ng'ombe walionusurika bunduki walikuwa wanakufa kwa kupe. Alitaka kuigawa dawa katika chupa ndogo za kahawia, za siropu, alizopewa na hospitali. Lakini hakutaka kutoa hata chupa moja bila etiketi iliyochapwa kama sheria ilivyotaka: jina la dawa, alama ya hatari, namna ya kuitumia, na la kufanya kama imemgusa au imemwingia mtu.

Ofisi iliyopaswa kumkagua ilikuwa imechomwa.

"Weye unaogopa nani?" nilimuuliza. "Mukaguzi iko Uganda, amekimbia."

"Naogopa dawa," alijibu. "Yenyewe haijakimbia."

Tulikaa mezani tukapanga maneno. Shida ilikuwa alama. Sheria ilitaka kichwa cha mfu na mifupa miwili, kama kilichokuwa kwenye pipa. Mimi sikuwa na picha ya namna hiyo. Picha zetu za chuma zilitengenezwa Kisangani, na njia ya Kisangani ilikuwa imefungwa. Nilikuwa na malaika, njiwa, kalisi, mashada ya zabibu. Nilitazama kabati langu, nikaona ukingo mweusi na msalaba mdogo.

"Musalaba kwa dawa ya kupe?" akasema, akikuna kidevu.

"Kila mutu anajua hiyo ni kifo," nikamwambia. "Akiiona atakaa mbali."

Alikubali kwa sababu ng'ombe hawakungoja. Nilichapa etiketi sitini, kila moja upana wa vidole vitatu. Juu msalaba, kuzunguka ukingo mweusi, chini maneno kwa herufi ndogo kabisa nilizokuwa nazo: kwamba ni sumu, ni dawa ya kupe kwa ng'ombe, isinywewe, na ikigusa ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi, na mgonjwa apelekwe hospitali pamoja na chupa. Kazi ilitoka safi. Nilimshukuru Mungu kwamba hata katika siku zile mikono yangu ilikuwa na la kufanya.

Hazikupita wiki tatu. Ilikuwa baada ya misa ya asubuhi, nilipokuwa nafagia karakana, akaja mama mmoja mwenye umri, mkimbizi kutoka upande wa Bambu, aliyekuwa akiishi katika kambi ya karibu na kiwanja cha ndege. Alifungua kitambaa safi polepole, akatoa chupa ya kahawia, akaishika kwa mikono miwili.

"Baba katekista, hii iko ya kunywa ama ya kupaka?"

Niliitambua etiketi yangu. Nilimuuliza alikoipata.

"Kwa jirani. Ngombe yake ya mwisho ilikufa, akaitupa. Mimi nikaona musalaba, nikajua imetoka huku kwenu. Nikasema, huyu baba anatupa baraka namna gani?"

"Mama, hukusoma maandishi?"

"Kusoma najua. Lakini hii yenu iko kama sisimizi, na miwani yangu ilibaki kijijini kulinda nyumba." Alicheka kidogo. Kisha akaona kwamba mimi sicheki.

Nilimuuliza kama ameitumia. Alisema yeye bado. Harufu yake ilimtia mashaka, haikuwa harufu ya kanisa, ndiyo maana amekuja kuuliza. Lakini binti yake alikuwa amempaka mtoto wake mchanga jana jioni na tena leo alfajiri, kichwani na kifuani, kwa sababu ya homa.

"Na mutoto?"

"Oh, amelala muzuri. Hata kulia hajalia tena."

Nilichukua kipande cha sabuni cha karakana na tukaondoka. Kutoka parokia hadi kambini ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu ya mzee. Tulienda kwa nusu yake. Njiani nilimweleza yule mama chupa ile ni ya nini, naye akazidi kukaza mwendo mpaka tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani. Pale askari wenye bunduki walitaka kujua tumebeba nini.

"Dawa ya kupe," nilisema.

"Utuachie basi, muzee. Siye pia iko na kupe."

"Na chawa," mwenzake akasema.

Walicheka, wakainusa, wakaturudishia. Namshukuru Mungu kwa harufu ile mbaya.

Binti alikuwa amekaa mbele ya hema lake la plastiki, mtoto mapajani. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Nilisema aoshwe mara moja, mwili mzima, kwa sabuni. Binti alimkumbatia, akanitazama kwa hasira.

"Mulitoa baraka, sasa munakuja kuiosha? Siye wa kambi haitufai?"

"Si baraka, mwanangu. Ni sumu ya ngombe. Ni mimi niliweka huo musalaba."

"Weye?"

"Mimi."

Alimpa mama yake mtoto, akashika ndoo akaenda kutafuta maji, na majirani wakaleta yao, maji waliyokuwa wamepanga mstari tangu asubuhi kuyapata. Tulimwosha mtoto mara tatu. Kisha tukamchukua hospitali, mimi nikiwa na chupa mkononi.

Nesi aliyetupokea alisogeza chupa dirishani, akasoma etiketi yote, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akiisoma. Kwa jina lile la dawa daktari alijua la kufanya. Alisema moyo unapiga polepole mno, tungoje, na mtoto asiachwe peke yake hata dakika.

Tulingoja siku hiyo na kesho yake. Muganga wa ng'ombe aliarifiwa, akaja, akakaa nami kwenye benchi la nje. Hakunilaumu, nami sikumlaumu. Nilisali rozari, na yeye alikaa kofia ikiwa magotini, akisali kwa namna yao, bila sauti. Katika kungoja huko ndipo nilipoelewa kosa. Karatasi ya msiba ni desturi ya mjini. Kule vijijini walikotoka, kifo hutangazwa kwa ngoma na kwa mtu anayetumwa mbio; hakuna aliyewahi kubandika karatasi yenye ukingo mweusi mlangoni. Mimi niliishi Bigo, mtaa wa hapa mjini, miaka thelathini, nikafikiri dunia nzima inasoma kama Bigo.

Alasiri ya siku ya pili mtoto alilia. Kilio kilikuwa chembamba, cha njaa. Mama yake alimpa ziwa, na alipoanza kunyonya tulisimama sote kama Injili inaposomwa misani. Nimemshukuru Mungu kwa mambo mengi maishani, kwa hilo zaidi.

Padri alitangaza jambo hili katika misa zote, na wachungaji wa Kiprotestanti wakalitangaza kwao. Mimi na muganga tulizunguka kambini na kwenye mazizi tukikusanya chupa, mpaka zote sitini zikapatikana. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimewekwa juu ya vitanda, pembeni ya picha za Bikira Maria.

Ng'ombe bado walihitaji dawa. Safari hii sikukaa peke yangu na kabati langu. Nilikwenda kambini nikawauliza kina mama: mkiona picha gani hamtagusa? Nikataja kichwa cha mfu.

"Ile askari wanachora kwa magari yao?" mmoja akasema. "Watoto wetu wanaipenda, baba. Wanaichora kwa mchanga."

"Chora ngombe," mwingine akasema. "Mutu gani anakunywa dawa ya ngombe?"

"Bwana yako, akikosa pombe."

Walicheka wote. Muganga alisema sheria inataka kichwa cha mfu na hawezi kukiacha. Basi tukaamua kuweka vyote viwili: ng'ombe mwenye kupe mgongoni, mkubwa, mahali pa msalaba, kichwa cha mfu pembeni, na neno SUMU kwa herufi za kichwa cha kitabu. Maelezo mengine yakaenda kwenye karatasi ya pili, ya kuzungushwa nyuma ya chupa, kwa herufi za kusomeka bila miwani. Picha nilizichonga mwenyewe kwenye ubao wa mti mgumu, kinyumenyume kama ilivyo desturi ya uchapaji. Ilinichukua siku nne, maana sikuwa nimewahi kuchonga kitu chochote isipokuwa mpini wa jembe.

Kabla ya kuchapa zote nilichapa moja tu, nikaipeleka kambini kwa yule binti. Sikumwambia ni ya nini. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mtoto mgongoni, macho wazi. Alifuta mikono, akaichukua, akaishika karibu, kisha mbali. Hakusoma maneno, alitazama picha.

"Hii ngombe iko konda sana," alisema mwishowe. "Na kupe iko kubwa kama kuku."

"Sijui kuchora, mwanangu."

Aliitazama tena.

"Lakini nisingemupaka mutoto," akasema, akanirudishia, akashika mchi wake.

Nilirudi karakana nikachapa zilizobaki.