Mahali pa Mbuyi, Stesheni ya Tenke

Tulisafiri kwa sababu ya zege. Jirani yetu wa Dilala, hapa Kolwezi, anayefanya kazi relini, alituambia kwamba stesheni ya Tenke inajengwa upya, na jukwaa jipya la abiria litamwagiwa zege siku yoyote. Mama aliweka sufuria chini. Pacha wangu Mbuyi amezikwa pale. Miaka ile sisi watu wa asili ya Kasai tulipofukuzwa Katanga, familia yangu ililala Tenke ikingoja treni, na homa ikamchukua akiwa mchanga; miaka baadaye tulirudi Kolwezi. Mimi ni Kabanga, niliyezaliwa wa pili. Mama huitwa Mwa Mbuyi, yaani mama wa Mbuyi, hadi leo; jina langu halikumpa cheo.

Asubuhi tulipanda teksi ya kwenda Fungurume, mbele yetu malori ya madini, nyuma yetu malori ya madini. Kwenye mto Lualaba tuliona mafundi wakilifungua daraja la zamani la reli kipande kwa kipande, na vyuma vya daraja jipya vimelazwa kando.

"Njo ile tulipitaka," Mama alisema, akimaanisha safari ile ya kufukuzwa, akageuza uso.

Kutoka Fungurume tulichukua pikipiki hadi Tenke, na tulipofika moyo ulinishuka. Baba, marehemu sasa, aliacha alama: taraverse, chuma kile kinacholazwa chini ya reli, alikisimika kaburini. Mafundi wa stesheni hawakujua. Walikuwa wameking'oa pamoja na vyuma vingine chakavu, wakavirundika, na uwanja wote ukasawazishwa. Shefu wa kazi, msimamizi wao, mtu mpole, alivua kofia yake kumsalimu Mama.

"Mama, leo mangaribi tunamwanga betoni. Unionyeshe tu fasi ya kaburi, tutaiacha."

Mama alizunguka uwanja, akasimama, akazunguka tena. Kisha akaja kunishika mkono.

"Mi nimepoteza. Lakini weye na yeye mulilala mu tumbo moja. Kabanga, onyesha ndugu yako."

"Mama, mi sijue."

"Mapasa banajuana. Onyesha!"

Mimi si mtu wa mambo hayo. Nilitembea pale nikiona aibu mbele ya mafundi, maana sikusikia chochote. Nikasimama ukingoni, kwenye kivuli cha ukuta wa zamani, nikasema, "Ni hapa." Shefu akaamuru mahali pale pazungushiwe mawe. Mama alipiga magoti, akazungumza na Mbuyi kwa Chiluba, akimpa habari za nyumbani: nani ameoa, nani amezaa, na kwamba Baba hayupo tena. Nililia, sikujificha.

Jioni tulirudi Kolwezi. Mama alisinzia begani kwangu, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona tangu Baba afariki.

Ndugu zangu wananiuliza kama kweli nilijua. Nilichojua ni kidogo. Pale palikuwa na kivuli, na kelele za treni zingefika kwa mbali kidogo, na ndipo ambapo ningependa kulazwa mimi.