Ayoni za Shaba na Nyama ya Turwa

Nilirudi nyumbani Turwa na kompyuta begani na kichwa kikubwa. Chuoni nilikuwa nimemaliza miezi nikipiga shaba kwa leza. Kipande kinakaa ndani ya chungu cha chuma kilichonyonywa hewa yote, leza inakipiga mpigo mmoja mfupi mno, na shaba inarusha mvuke wa moto wenye ayoni, yaani chembe zenye chaji. Mbele yake nimeweka kisahani cha kuzidaka. Ukijua zimesafiri umbali gani, kwa muda gani, unapata mwendo wake, na ukipata mwendo unapata nishati yake. Na ayoni zangu, kwa hesabu zangu, zilikuwa na nishati ya kutisha.

Nikafanya kiherehere cha kumwambia baba kwa simu kwamba ayoni zangu zina mbio za ajabu. Weee! Nilipofika dume la ng'ombe limeshachinjwa, na shangazi wawili wametoka Kenya, wamevuka mpaka wa Sirari kuja kunipongeza.

"Shikamooni, shangazi."

"Marahaba, mama wa mbio!"

Nilicheka, nikajiona mtu.

Nyama ilipokuwa jikoni niliingia ndani kutengeneza picha ya kumwonyesha baba. Nikaweka grafu mbili pamoja: moja ya kisahani kikiwa karibu, nyingine ya siku niliyokisogeza mbali mara mbili. Nundu kubwa ya mstari, ile ya ayoni za kawaida, ilikuwa imechelewa, kama inavyotakiwa. Ile ndogo ya mwanzo, niliyoiita ayoni zangu za ajabu, haikuchelewa hata kidogo. Mungu wangu! Ayoni gani hiyo, njia inaongezwa maradufu na yenyewe inafika saa ileile? Ulikuwa mwanga. Shaba ikipigwa inawaka, na mwanga wake unakigusa kisahani na kuacha alama kwenye grafu wakati ayoni bado ziko njiani. Kosa hili tulionywa tangu siku ya kwanza maabara. Mimi nilitaka tu iwe kweli, basi.

Tasnifu ilikuwa tayari kwa msimamizi wangu, na Jumatatu angeipeleka kwa watahini. Yeye mwenyewe hakuwa ameliona kosa. Nilifunga kompyuta nikakaa kitandani, na sitadanganya, niliwaza kunyamaza.

Kwa baba yangu hakuna anayetia nyama mdomoni kabla yeye hajakata kipande cha kwanza akampa aliyechinjiwa. Akakata ubavu, akaninyooshea mbele ya watu wote. Mkono wangu ukagoma kuinuka.

"Tata," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya, "nimekosea. Zile mbio siyo za ayoni. Nilipima mwanga."

Shangazi mkubwa akasema, "Heh! Sasa dume tulirudishe zizini?" Wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Baba hakucheka. "Mwalimu wako anajua?"

"Hajui."

"Nani anajua?"

"Ninyi tu."

Akairudisha ile nyama kwenye sinia, akaifunika kwa jani la mgomba. "Mwambie. Tunakungoja."

Mtandao kwetu unapatikana nyuma ya jiko. Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Niliogopa mwaka mzima unaondoka, niliogopa aibu, na nilimkasirikia baba pia, kwa nini asingoje tushibe kwanza? Watoto walishaanza kulia njaa. "Bibi wee, andika fupi," shangazi akapaza sauti, "mafuta yanaganda!" Nikaandika kwamba nundu ya kwanza ni mwanga, kwamba sura ya nne yote ni makosa, kwamba naomba asiipeleke. Nikatuma.

Nilirudi uwanjani machozi yananitoka, wala sikuyafuta. Baba hakuuliza nimeandika nini. Alifunua sinia, akauchukua ule ubavu, akaniwekea mkononi.

"Dume hili sikuzichinjia hizo ayoni," akasema. "Kula, mwanangu."