Pamba na Dizeli Zisisalimiane

Enzi zetu pale Sola, lori hukuliona kwanza. Ulilisikia. Umeinama shambani unachuma pamba, vidole vinawasha kwa ncha za vitumba vikavu, mara mmoja wetu anainua kichwa: "Hilo la baba Kabula." Mwingine anabisha: "Halijakohoa, siyo lenyewe." Basi tunasimama wote midomo wazi, tunasubiri kikohozi. Likikohoa pale linapobadili gia kwenye korongo, aliyeshinda anakula muwa wa aliyeshindwa, na sote tunatimua mbio kwenda barabarani, huku nyuma wazazi wakitupachika majina ya kila mnyama anayejulikana Usukumani. Watoto wa siku hizi wanalijua gari kwa rangi na kwa weusi wa vioo. Sisi tulilijua kwa koo lake.

Baba Kabula ndiye baba yangu, na Kabula ndiye mimi. Lori lake lilikuwa la pua ndefu, kebini ya kijani, bodi la mbao, na juu ya kioo cha mbele limeandikwa kwa rangi nyekundu: TUTAFIKA. Watani wake walikuwa wakimpigia kelele njiani, "Lini?" Naye anawajibu kwa honi. Betri yake ilikuwa dhaifu tangu nilipopata akili, kwa hiyo Tutafika lilikuwa linalala juu ya kichuguu kikubwa kando ya nyumba, pua imeelekea mteremkoni. Asubuhi baba anaondoa jiwe kwenye tairi, lori linashuka kimyakimya kama linatoroka deni, anaachia klachi, linatetemeka mwili mzima, halafu linanguruma. Moshi unafunika kuku wote wa mama. Hapo ndipo tulipojua kwamba siku imeanza.

Msimu wa pamba ulikuwa sikukuu yetu. Kazi yetu watoto ilikuwa kupanda juu ya bodi na kushindilia. Pamba inamwagwa, sisi tunaruka, tunazama mpaka kiunoni, tunaibuka na nyuzi kwenye kope na puani, tunaruka tena mpaka lori linajaa na kuvimba kama mbuzi aliyekula mahindi mabichi. Chini mama anatusubiri na sufuria ya matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vilivyochemshwa, na karanga za kutafunia. Nikishuka hapo siendi kwenye sufuria kwanza. Naenda kwa baba, maana ndio muda wa kufunua boneti. Mama alikuwa akinisonya: "Mtoto wa kike unanuka dizeli! Nani atakuoa wewe?" Baba anacheka, ananikabidhi spana. Alikuwa na msemo wake: "Gari halidanganyi, Kabula. Linasema linapoumwa. Tatizo ni sisi, hatusikilizi."

Kuna mwaka mfuniko wa tenki la dizeli ulipotea kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua ikiwa imechelewa kukata. Utingo wa baba, kijana mcheshi lakini mvivu wa kufikiri, akafanya anachofanya kila mtu wa kwetu akikuta tundu: akachota pamba, akaviringisha, akaziba. Kwetu pamba ilikuwa dawa ya kila tundu. Chupa ya mafuta ya taa, pamba. Ukuta uliotobolewa na panya, pamba. Sikio linalouma, pamba.

Siku ile tulikwenda na baba kupeleka mzigo, na Tutafika likatuonyesha mambo. Linatembea vizuri, linazima. Tunakaa, baba anavuta sigara, anawasha (betri imeshapata chaji njiani), linawaka kama halikuwa na neno. Tunakwenda kidogo, linazima tena. Utingo akaanza kunong'ona habari za kurogwa. Baba akatupa sigara. Alilala chini ya lori, akafungua bomba la dizeli upande wa pampu, akaniambia, "Weka sikio kwenye tenki." Akapuliza kwa mdomo kurudisha nyuma. Kwanza kimya. Kisha, pu! Halafu mapovu, bu-bu-bu-bu, kama uji unaochemka. Tulipochungulia ndani tukaiona pamba yetu inaelea. Ilikuwa imechomoka na kudumbukia. Injini ikivuta, nayo inavutwa inaziba mdomo wa bomba. Injini ikizima, inaachia. Baba akaiopoa kwa waya, akamkabidhi utingo mkononi, imelowa chapachapa, akasema neno ambalo kwetu likawa sheria ya nyumba: "Pamba nyuma, dizeli mbele. Zisisalimiane."

Sasa nije kwenye sababu ya kuyasema yote haya.

Baba alishatangulia. Tutafika likabaki juu ya kichuguu chake, tairi zimelala, kuku wanatagia kwenye kebini. Mimi niliolewa Bariadi (ndiyo, nilipata wa kunioa, tena dereva, na mama akanyamaza), na huko nikaangukia kwenye kundi la wagonjwa wenzangu. Sisi tunapenda malori ya zamani. Tuko wengi kuliko unavyodhani: mkulima wa Mkula mwenye stoo ya ringi za pistoni alizorithi, mama muuza mchele wa Maswa anayejua kila aina ya rejeta, na Mzee Luhende wa Nyashimo, dereva mstaafu, ambaye masikio yake hayajastaafu. Kwenye simu zetu hatutumiani vichekesho. Tunatumiana sauti za injini. Mtu anarekodi muungurumo wake, anauliza, "Jamani, huyu anaumwa nini?" Mzee Luhende anajibu, "Nozeli moja inatiririsha. Nozeli inatakiwa ipulize dizeli kama ukungu, siyo ikojoe." Hapo wanaanza kubishana mpaka mchuzi unaungua jikoni. Kila mwaka tunakutana Bariadi, kila mmoja na lori lake, tunafunua boneti, tunafundishana.

Ndipo kaka yangu Masanja akanipigia simu. Amepata mnunuzi wa chuma chakavu. Tutafika litakatwa.

Nililia, sitaficha. Nililia kama siku tuliyomzika baba. Nikamwambia, "Kaka, hilo lori linapona." Masanja ni mtu wa vitendo, anaendesha pikapu inayozungumza, ukisahau kufunga mkanda inakusema kama mama mkwe. Akasema, "Kabula, lile ni banda la kuku. Lakini sawa. Likifika Bariadi kwenye mkutano wenu kwa nguvu zake lenyewe, halikatwi, nakuachia wewe. Likivutwa hata hatua moja, mnunuzi anakuja. Tumekubaliana?" Nikasema tumekubaliana kabla sijafikiri.

Wenzangu wakaja Sola kama watu wanaokwenda kulima shamba la mgonjwa. Tulivua tenki tukaliosha, tukapima nozeli, tukabadili ringi, tukatafuta tairi. Mama yangu, sasa mzee wa fimbo, aliketi mlangoni akitutazama. Mzee Luhende anafika kila asubuhi anamwinamia na kumwamkia Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Naye anaitika, kisha anauliza swali lilelile: "Litatoka?" Siku ya safari tuliondoa jiwe kwenye tairi. Tutafika likashuka kichuguu. Mzee Luhende akaachia klachi. Lilitetemeka, likatoa moshi, kuku wakatawanyika, na mama yangu akapiga vigelegele ambavyo sikuwa nimevisikia tangu niolewe. Tukampandisha mbele, katikati yangu na Mzee Luhende. Wenzetu wakapanda bodini. Masanja akafuata nyuma na pikapu yake, kamba ya kuvutia ameiweka juu kabisa, tuione.

Njia ile ilikuwa tamu jamani! Mama anataja kila shamba tunalopita na ugomvi wake wa mpaka. Watu wazima wanasimama kando ya barabara na kutupungia mikono yote miwili. Kisha, tukiwa tumeshaanza kuhesabu tumefika, Tutafika likakohoa kikohozi ambacho siyo chake. Likazima.

Tukaliwasha. Likawaka. Likaenda. Likazima.

Wenzangu wakashuka na kuanza baraza. Mmoja anasema pampu, mwingine anasema filta, wa Mkula anaapa ni upepo umeingia kwenye bomba. Masanja kapaki, kashuka, kamba iko begani kama mtu anayekwenda kumfunga fahali. "Dada," akasema, tena kwa upole, jambo ambalo liliniuma zaidi, "mmejitahidi. Tufunge tu." Mama ndani ya kebini ameshika fimbo yake.

Tuliliwasha tena, likaenda, likazima. Hapo nikalisikia. Linakwenda, linazima, linapumzika, linawaka. Nikasema, "Nyamazeni wote!" Watu wazima na mvi zao wakanyamaza. Nikamwomba Mzee Luhende afungue bomba upande wa pampu. Nikalala chini na gauni langu la kanisani, nikamwambia Masanja, "Weka sikio kwenye tenki." Akasita. "Weka, kaka!" Akaweka. Nikapuliza. Kimya. Nikapuliza mpaka nikaona nyota. Pu! Halafu bu-bu-bu-bu. Nikamwona kaka yangu anafumba macho, sikio kwenye chuma. Alijua. Hadithi ile ilisimuliwa nyumbani kwetu kila msimu.

Nikainuka nikaenda kwenye tenki. Tulikuwa tumeweka mfuniko wa muda, wa bati, na wakati tunaondoka niliuona umekaa vizuri. Sasa bati halikuwepo, na kwenye tundu kulikuwa na nyuzi chache nyeupe zimenasa kwenye ukingo. Pamba. Nzuri, safi, ya kuchagua.

"Nani?" nikauliza. Wenzangu wakatazamana, kila mmoja anaapa kwa mama yake. Masanja akainamisha kichwa.

"Bati lilikuwa linacheza," akasema. "Mliposimama kumnunulia mama maji nikaona vumbi linaingia. Tenki la baba. Nikalitoa, nikaona niliwekee kitu."

Loo! Mtu aliyekuja na kamba! Mtu aliyetaka likatwe vipande! Nilitaka kumpiga, nikajikuta nacheka, nacheka mpaka nikaegemea tairi, na wenzangu wote wanacheka, na Masanja mwenyewe akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mama akachungulia dirishani akauliza kuna nini. Tukamwambia. Akamtazama mwanawe, akatikisa kichwa: "Masanja. Pamba nyuma, dizeli mbele." Tukamalizia sote kwa sauti moja, hata wale wa Nyashimo na Mkula ambao nimewachosha kwa msemo huo.

Tukaiopoa kwa waya. Tukalegeza skrubu ya filta, tukapampu kwa mkono mpaka povu likakoma na dizeli ikatoka safi, maana upepo ukibaki ndani hutafika popote. Mzee Luhende akataka kupanda kwenye usukani, kisha akamgeukia Masanja na kumpa nafasi. Kamba ikatupwa nyuma ya pikapu, na pikapu tukamwachia mtu wa Mkula, nayo ikamlalamikia njia nzima kwa ajili ya mkanda.

Hivyo ndivyo Tutafika lilivyoingia Bariadi: kaka yangu kwenye usukani, honi ikilia tangu mlangoni mwa mji, malori ya zamani yote ya wenzetu waliotangulia uwanjani yanajibu kwa honi zao, watu wanakimbia pembeni. Bibi mmoja mwenye kapu kichwani alisimama akasema, "Hilo si la Sola lile?" Alilijua kabla halijakata kona. Kwa koo lake.

Leo magari yana taa inayokwambia kila kitu, na kijana akiona taa imewaka anapiga simu, anakaa kivulini. Sisemi ni vibaya, dunia inakwenda. Lakini hakuna taa itakayokuambia kwamba aliyeziba tenki ameziba kwa mapenzi. Hilo alitufundisha baba, kulala chini na kuweka sikio.

Tulipozima injini, nilimshusha mama kwa kumkumbatia, gauni langu jeupe sasa ni jeusi. Akanisukuma kidogo, akaninusa begani, akakunja pua kama zamani.

"Unanuka dizeli," akasema.

Kisha akanivuta tena, akazika uso wake hapohapo begani, akavuta pumzi ndefu, na hakuniachia.