Nilimzika Mama Mukubwa kwa Sababu ya Nywele

Kosa ni langu, na sitafuti mtu wa kugawana naye. Nilimuua mama aliyenilea, bila hata kumgusa, na sababu yenyewe ni nywele. Mkitaka kucheka chekeni, mimi nilishalia.

Mimi ni msusi hapa Bwera, karibu na mpaka. Nilizaliwa Butembo. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yake mkubwa, Katungu, na mpaka leo namwita mama mukubwa. Ndiye aliyenifundisha kusuka. Alikuwa ananikalisha katikati ya magoti yake na kunigonga na kitana kila nikijitikisa. Kichwa changu ndicho kilikuwa tangazo la saluni. Mteja akiingia ananyoosha kidole: "Nisuke kama hiyo yako."

Basi mwaka jana nikaanza kuchoka. Uchovu gani huo jamani! Nasinzia na kitana mkononi. Jua linawaka, mimi natetemeka kwa baridi. Uso unavimba, nywele zinabaki kwenye mto. Nikaenda kliniki moja mjini Kasese, wakanitoa damu, daktari akaniambia tezi ya shingoni imezembea, haitoi homoni ya kutosha. Akanipa kidonge cha kumeza kila alfajiri, tumbo tupu, kwa maji tu, kahawa ingoje. Dozi, alisema, tutaipandisha polepole tukipima damu.

Nikameza. Nywele zikazidi kuanguka! Nikarudi kliniki na hasira zangu, nikammwagia daktari mfuko mzima wa nywele mezani. Hakushtuka hata.

"Mwanzoni inatokea hivyo, mama. Tunaongeza dozi kidogo. Ila nywele ndizo za mwisho kurudi. Vumilia."

Vumilia! Fundi wa magari anaweza kutembea kwa miguu na bado akapata wateja. Msusi mwenye upara anauza nini?

Na ukweli ningeusemaje? Kidonge cha kila alfajiri, hapa kwetu, watu wana maana yake moja tu kichwani: virusi, si tezi. Ningesema tezi, wangeitikia "ndiyo, ndiyo, pole," halafu wakifika nje wangemaliza wenyewe.

Asubuhi moja ya siku ya soko nikajitazama kwenye kioo. Mbele hakuna kitu, pembeni hakuna kitu, katikati kimebaki kichaka kimoja kinalinda nyumba. Nikachukua mashine, nikanyoa zote. Niliona raha, nisiwadanganye. Raha yenyewe haikukaa, kwa sababu mlango ulifunguliwa akaingia Mama Biira, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani.

Hapa nielewe vizuri, ndugu msomaji. Kwetu mwanamke akionekana amenyoa kichwa chote, watu hawaulizi kwa nini. Wanauliza nani.

"Yesu Maria!" Mama Biira akashika mdomo. "Nani alikufa?"

Ningeweza kusema hakuna. Neno moja tu! Lakini ulimi wangu ukakimbia mbele yangu.

"Mama mukubwa."

"Ule wa Butembo? Ule alikulea?"

"Njo ule," nikasema, na machozi yakanitoka. Ya kweli kabisa. Nilikuwa nalilia nywele.

Nilidhani itaishia kwenye pole. Weee! Jioni hiyo nyumba ilijaa. Wakaleta matoke, maharage, chumvi ya Katwe, samaki wa kukaushwa kutoka Kahendero. Wakatandika mikeka, wakalala kwangu ili nisibaki peke yangu na uchungu. Simu nikaizima, maana marehemu alikuwa na tabia ya kunipigia kila jioni.

Sasa kidonge ningekimeza wapi? Alfajiri ninaamka, nakuta akina mama wameamka kabla yangu, wananiangalia kwa huruma, mmoja ananishikisha kikombe cha kahawa ya maziwa. Nikaacha kumeza. Uso ukavimba upya, sauti ikakwaruza, miguu ikawa mizito. Na wao wananong'ona: "Muone, uchungu umemuingia mpaka kwenye mifupa." Kwa kweli nilililiwa vizuri. Mgonjwa nilikuwa mimi, pole zote zikaenda kwa mtu mzima wa afya aliyekuwa Butembo anapalilia maharage yake.

Jioni ya kufunga matanga tulikuwa tumepiga magoti uani, tunamalizia rozari. Akaingia mama mmoja, vumbi mpaka kwenye nyusi, kitambaa cheusi kichwani, analia tangu barabarani. Waliompisha hawakumjua. Akapiga magoti nyuma, akajiunga na sala. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, sikumwona.

Mama Biira akaongoza: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, mama yetu Katungu wa Butembo."

"Na mwanga wa milele umwangazie," tukaitikia wote. Na sauti moja ya nyuma, ninayoijua kuliko yangu, ikaitikia nasi. Halafu ikakatika.

"Katungu gani?"

Nikainua kichwa.

"Mama mukubwa ya huyu mufiwa," Mama Biira akamweleza kwa upole. "Weye ulikuwa unamujua?"

"Mi njo Katungu."

Loo! Mama mmoja aliruka ua. Mama Biira rozari ilimdondoka. Kumbe wachuuzi walikuwa wamefikisha habari Butembo kwamba kwangu kuna kilio na nimenyoa kichwa. Alipopiga simu, imezimwa. Alipopiga tena, imezimwa. Akaazima kitambaa cha msiba kwa jirani, akaja njia ile mbaya yote bila kujua anakuja kumlilia nani.

Akanifungua kilemba mbele ya watu.

"Nywele iko wapi?"

"Ilianguka, mama. Niko na ugonjwa ya tezi, hapa kwa shingo. Niliogopa batu."

Alikuwa ameacha kulia.

"Ukaona muzuri mi nikufe, kuliko batu bajue hauna nywele?"

Nikainama kuokota kilemba changu.

Nikamtengea chakula, akakataa. Alisema hali matanga yake mwenyewe. Alilala kwa Mama Biira, na asubuhi akavuka mpaka bila kuniaga. Nilimfuata mpaka kizuizini namwita, hakugeuka.

Daktari nilimweleza yote. Akaweka kalamu chini, akasema dawa haikushindwa, haikumezwa, akanianzisha tena kwa adabu. Jumuiya nao wananidai karamu. "Ile samaki tulikula kwa kilio ya nani?" Mama Biira huniuliza kila Jumapili, mlangoni mwa kanisa, kwa sauti. Saluni siku hizi inaitwa Kwa Marehemu, na wateja wamebaki wachache, tena wengine wanakuja kusikiliza hadithi tu, hawasuki.

Dada zangu, kama nywele zinaanguka, semeni zinaanguka! Mezeni dawa zenu mbele ya anayetaka kutazama, na mmwache aseme. Watasema wiki mbili watachoka. Ya kwangu hayachoshi mtu.

Mama mukubwa simu anapokea. Anaitikia, "Marehemu anasikiliza," kisha ananyamaza mpaka niseme shida yangu. Juzi nikampigia kwa furaha, nikamwambia dozi sasa imekaa sawa, nywele zimerudi, nimesuka mistari kama ile aliyonifundisha. Nikangoja acheke, hata kidogo.

"Muzuri," akasema. "Siku nitakufa kweli, uziache hizo nywele. Ya kilio yangu ulishanyoa."