Blanketi la Kwenye Waya wa Winchi

Jumamosi iliyopita mama yangu alifungua sanduku lake la bati, akatoa kitu ambacho kwa miaka mitatu niliamini nilikisahau gereji.

Blanketi.

La kijivu, lile zito linalokwaruza. Huku kwetu kila nyumba inalo, sokoni yamejaa kutoka kambi za wakimbizi.

Najua ungenikuta nimekaa sakafuni nalilia blanketi ungesema fundi kachanganyikiwa. Subiri nikusimulie. Na wewe unayependa kurukia mwisho, leo usiruke.

Naitwa Tharsisi, nina gereji Kasulu. Kazi niliyokuwa naipenda kuliko zote ni kuandaa magari ya porini, ya watu wanaokwenda sehemu ambayo ukinasa hakuna wa kukuvuta. Unajinasua mwenyewe au unalala hapo hapo.

Mimi na mdogo wangu Fidele tulinunua Land Cruiser kuukuu yenye mkonga wa kuvutia hewa kwenye mnada Kibondo. Ilikuwa imechoka vibaya, hata mbuzi walikuwa wanailalia. Nikaisuka upya kwa mikono yangu.

Bampa la chuma mbele, juu yake winchi, ile mashine ya kuvuta gari kwa waya. Jeki ndefu ubavuni. Madumu ya dizeli, sepetu, mbao nene za kuweka chini ya tairi, pampu ya upepo, mkanda wa kuzungushia mti. Ndani ya mlango nikabandika orodha ya vifaa. Vitu ishirini na moja.

Cha ishirini na moja kilikuwa blanketi.

Kwa asiyejua: waya wa winchi uliokazwa ukikatika, unarudi na nguvu ya kumkata mtu. Kwa hiyo kabla hujabonyeza rimoti uvute, unatupia kitu kizito katikati yake. Ukikatika, kile kitu kinaushusha chini. Kabla ya kubonyeza, funika. Nilimwimbia Fidele maneno hayo mpaka akanichoka.

"Kaka, nimesikia. Kabla ya kubonyeza, funika. Unataka nijichore tatuu?"

Alikuwa na maneno huyo! Akinasa kwenye matope anashuka anaimba. Alibeba wapima ardhi, alibeba watu wa mbegu, Mabamba kaenda, Murungu kaenda, na kila safari gari likarudi.

Mwezi wa tatu, Jumanne, saa sita mchana, simu ikaita. Jirani wa mama kule Kagerankanda.

"Mama yenu anatetemeka tangu alfajiri. Homa imempanda, anaongea asiyoyajua. Pikipiki zimegoma, barabara imeoza."

Gari lilikuwa gereji, na vifaa vyote nilikuwa nimevishusha navisafisha. Tukavirudisha mbiombio, huyu anarusha, huyu anadaka. Fidele akawasha.

"Orodha!" nikapiga kelele.

"Orodha baadaye bwana, mama kwanza!"

Akaondoka. Mimi nikaenda kuwasubiri hospitali.

Saa kumi na moja mama alifika juu ya lori la mahindi. Fidele hakufika.

Walinasa bondeni, katikati ya njia ya kurudi. Fidele akafunga mkanda kwenye mti, akavuta waya, akabonyeza. Waya ukakatika. Watu waliokuwa wanatoka shamba walimkuta kando ya bampa, rimoti bado iko mkononi.

Hao hao wakalisukuma gari likatoka. Watu tisa wenye majembe, hata nusu saa haikuisha. Angesubiri kidogo tu, jamani. Hilo linanichoma mpaka leo.

Kesho yake nilikwenda pale. Nikasimama mlangoni mwa gari na orodha yangu, nikahesabu. Vilikuwepo ishirini.

Nikarudi gereji. Chini ya meza, blanketi la kijivu limejikunja.

Nilikuwa na mawili yanayofanana, la gari na la kulalia nikiingia chini ya magari. La pili sikuliona wala sikulitafuta, maana siku hizo mablanketi yetu mengine yalikuwa yamepelekwa matangani kwa ajili ya wageni. Hili moja lilinitosha. Nikajua kwenye ile mbiombio nimelisahau.

Jioni nikaenda wodini. Mama alikuwa ameshaambiwa kwamba Fidele amefariki. Nikapiga magoti kwanza, kisha nikaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Mama, Fidele nimemuua mimi. Nilisahau blanketi."

Aligeuzia uso ukutani.

"Nimekusamehe, mwana wanje." Mwanangu, kwa lugha ya kwetu.

Claudine, mke wa Fidele, yeye hakunisamehe. Siku ya maziko, mbele ya watu, alinikabili pale kaburini.

"Gari umelivisha chuma chote kile, ukashindwa kukumbuka blanketi?"

Nilitazama viatu vyangu.

Tangu siku ile hakuniita tena shemeji. Tukikutana sokoni ni "habari, fundi", anapita. Hilo neno fundi lilikuwa linanipiga kuliko tusi. Watoto wa Fidele wakawa wananikimbia. Winchi nikaacha kabisa kuzifunga, nikarudi kwenye pikipiki na kumwaga oili. Usingizini nilikuwa nahesabu. Ishirini, ishirini, ishirini.

Sasa turudi Jumamosi.

Mama kanitumia ujumbe niende Kagerankanda peke yangu. Amezeeka ghafla siku hizi, anashika ukuta kutembea. Akavuta sanduku kutoka uvunguni, akatoa lile blanketi.

"Chukua blanketi lako."

"Langu lipi, mama?"

"La gari."

Nilicheka kidogo. Nikadhani ni uzee.

"Sikiliza," akasema. "Siku ile nilikaa kiti cha mbele natetemeka, meno yanagongana. Fidele alishuka kwenda kufunga waya, blanketi liko begani. Nikamwita. Nikamwambia nasikia baridi."

Akalipapasa lile blanketi, kisha akaendelea.

"Akarudi, akafungua mlango, akanifunika mpaka shingoni. Akaenda. Kisha nikasikia kishindo."

"Kwa hiyo blanketi lilikuwepo."

"Lilikuwepo. Ulilirusha wewe na yeye akalidaka. Aliniambia."

"Na hospitali je? Mbona sikuliona?"

"Hospitali ulilikalia, Tharsisi."

Nikakumbuka kile kitanda. Nikakumbuka kitu kinachokwaruza chini ya mkono wangu wakati namwomba msamaha. Kila blanketi linafanana, ningejuaje? Kumbe lile la chini ya meza lilikuwa langu la kulalia.

"Ulinipigia magoti," mama akasema, machozi yanamtiririka bila sauti. "Nikakusamehe. Nilikusamehe kosa langu mimi."

Nisidanganye. Sikumhurumia. Nilikasirika hasira ambayo sijawahi kuikasirika, na mtu mwenyewe ni mama yangu mzazi.

"Miaka mitatu, mama! Miaka mitatu wananiita muuaji! Watoto wa Fidele wananikimbia njiani, na wewe umelikunja ukaliweka sandukuni?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Mmoja alikuwa ameshakwenda. Nikasema huyu mwingine akijua, na yeye ataniacha."

Nikatoka nje. Nikafika kwenye migomba, nikasimama huko nikitukana peke yangu. Nilitaka kuwasha pikipiki niondoke nisirudi tena. Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nafanya kile kile alichokuwa anakiogopa.

Nikarudi ndani nikakaa sakafuni. Akanifunika mabega na lile blanketi. Basi nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

"Tulichome," nikamwambia. "Yaishe. Claudine asijue, atakuchukia na wewe."

"Hapana. Nipeleke kwake. Mwache anichukie mtu anayestahili."

Nikampakia kwenye pikipiki, tukaenda polepole mpaka Kasulu. Nilimwambia nimbebee blanketi, akakataa. Alilikumbatia njia nzima.

Claudine alikuwa uani anachambua maharage. Alivyomwona mkwewe akasimama haraka, akampa kigoda. Mimi akaniambia, "Karibu, fundi."

Mama hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, hakuruka hata neno. Claudine alisikiliza huku ungo uko mkononi. Maharage yakaanza kudondoka moja moja na hakuyaokota.

Mama alipomaliza akamnyooshea blanketi. Claudine akalipokea, akalinusa. Mama alikuwa hajawahi kulifua.

"Alisema nini?" akauliza. Sauti ilitoka kama ya mtoto. "Alipokufunika, alisema nini?"

Mama akafuta uso kwa khanga.

"Alisema, 'Jifunike, mama. Ila usimwambie kaka kama sijafunika waya, atanigombeza mpaka Pasaka.'"

Claudine akacheka. Wallahi, alicheka, kicheko kikageuka kilio, akakaa chini kwenye maharage yake. Maana ndivyo alivyokuwa Fidele, ndivyo alivyoongea.

Sijui kama amemsamehe mama. Alimshika mkono tu na hakuuachia mpaka tunaondoka. Kisha akanigeukia.

"Ungemgombeza kweli, shemeji?"

Shemeji.

"Ningemgombeza," nikasema. "Ningemgombeza mwaka mzima."

Na ndicho ninachokitaka mpaka sasa. Nimgombeze, anijibu ujinga wake, nimrushie spana, akwepe.

Mtasema basi fundi umesafishwa, huna kosa. Nilidhani hivyo mpaka nilipofika gereji. Orodha ile ile bado imebandikwa mlangoni mwa gari letu, lililoegeshwa hapo tangu msiba. Nikaisoma tena. Winchi, jeki, sepetu, madumu. Vitu ishirini na moja, na vyote vya gari. Nililiandaa gari lisife njiani, nikamsahau anayepanda. Mdogo wangu alikuwa na blanketi moja na vitu viwili vya kufunika. Akachagua mama. Hata mimi ningechagua mama.

Kwa hiyo wewe unayeandaa gari lako la porini, au safari yoyote ile ya kwako, usijaze vyuma tu. Weka na kitu cha mtu atakayesikia baridi.

Jumatatu nimefunga winchi ya kwanza baada ya miaka mitatu. Mwenye gari akapitia vifaa, akanyanyua blanketi la pili.

"Fundi, moja si linatosha? La pili la nini?"

"La abiria," nikamwambia. "Usilitoe."